Fedha za Serikali na Nyanda za Juu Kusini

Mtu atokaye katikati ya mji wa Mbeya kwenda Uyole hupita Ilomba, kata iliyokaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Dar es Salaam. Mwaka 1967 mji mzima wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 12,000; mwaka 1978 walizidi 76,000, na mwaka 2022 walipita 540,000. Ni kweli kwamba mipaka ya mji ilipanuliwa, kwa hiyo hesabu hizo hazifai kulinganishwa bila hadhari. Walakini ongezeko la namna hiyo halikuletwa na uzazi peke yake. Fedha ziliingia, na kuingia kwake kuna historia.

Chini ya Waingereza, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilihesabiwa kwanza kuwa chimbuko la vibarua. Wabena na Wakinga walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanyakyusa wengi walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba. Palikuwa na dhahabu ya Lupa wilayani Chunya, na chai ya Mufindi na Rungwe, na tangu 1949 miwati ya Njombe iliyopandwa kwa fedha za Shirika la Maendeleo ya Makoloni. Illa reli haikuwapo. Mazao yalipakiwa malorini hadi Itigi au Dodoma ndipo yakutane na reli ya kati. Mpango mkubwa kuliko yote wa siku zile, ule wa karanga ulioanza 1947, ulipelekwa Kongwa, ambako mvua ni ya mashaka, na Urambo na Nachingwea. Uliteketeza pauni milioni 36 hivi, ukaachwa mwaka 1951. Nyanda zenye mvua ya kuaminika zilipitwa.

Wazo la kuiunganisha Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini kwa reli lilichunguzwa zaidi ya mara moja. Ripoti ya 1952 haikuona faida; wajumbe wa Benki ya Dunia mwaka 1964 wakanena vivyo hivyo, kwamba mizigo haitatosha kuilipia reli. Wachumi hao hawakukosea kujumlisha. Walichohesabu ni mizigo ya nchi isiyo na njia, kisha uhaba wa mizigo hiyo ukawa sababu ya kuinyima nchi njia.

Kilichogeuza mambo hakikutoka Mbeya wala Dar es Salaam. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith huko Salisbury ilijitangazia uhuru wa walowezi, na Zambia, iliyotegemea reli ya kusini kwa shaba yake na mafuta yake, ikajikuta mlangoni mwa adui. Mapipa ya mafuta yakaanza kupita Mbeya juu ya malori, katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Barabara ya lami ikafuata, Wamarekani, Waswidi na Benki ya Dunia wakiwa miongoni mwa waliotoa fedha. Kuhusu reli, mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967: China ilikopesha Yuan milioni 988 bila riba. Ujenzi ulianza 1970, na mwezi Julai 1976 kilomita 1,860 za TAZARA zilikabidhiwa kwa serikali mbili. Makambako na Mbeya zilipata stesheni kwa kuwa zilikuwa njiani. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, uliitaja Mbeya miongoni mwa miji tisa ya kukuzwa. Lakini ulipoandikwa, njia ya reli ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Mpango ndio uliofuata reli.

Lipo fungu jingine, pengine kubwa zaidi, ambalo halikuandikwa kwa jina la mkoa wowote. Katikati ya miaka ya 1970, nchi ikiwa imeonja uhaba wa chakula, serikali iliweka bei moja ya mahindi kila mahali. Shirika la Usagishaji la Taifa lililipa kilo ya mahindi ya Mbozi au ya Songea sawasawa na kilo ya Morogoro. Gharama ya kuisafirisha zaidi ya kilomita 800 hadi pwani ilibebwa na shirika, na madeni ya shirika yakaishia mabegani mwa hazina. Mbolea nayo iliuzwa kwa ruzuku, na Uyole palikuwa na kituo cha kilimo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Skandinavia. Kwa muda usiozidi miaka kumi, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, mikoa iliyokuwa pembezoni, ikawa ghala la taifa.

Waliolaumu bei hiyo walisema kwamba serikali ililipa ili mahindi yalimwe mbali na walaji. Neno lao lina ukweli. Lakini mkulima wa Songea hakuuchagua umbali wake. Na kwa muda wa karne hii na iliyopita, hapana hatua iliyoigawa gharama ya umbali huo kwa haki kuliko ile. Kosa lilikuwa kuliachia shirika mzigo huo bila kuutaja waziwazi katika bajeti, hata ilipofika miaka ya 1980 na masharti ya wakopeshaji, ukaonekana kuwa hasara tupu. Bei moja ikaachwa. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia 1994 ilikuwa imeondolewa. Walanguzi wenye malori walinunua kwanza penye lami. Aliyekuwa ndani zaidi alingoja, au aliuza kwa bei aliyopewa.

Mwaka 2003 serikali ilianza kuirudisha ruzuku ya mbolea. Mwaka 2010 ukatangazwa Dar es Salaam mpango mpya wa kilimo cha kusini, SAGCOT, wenye makampuni, wafadhili na serikali pamoja. Ramani yake ilichorwa kufuata barabara na reli zile zile zilizojengwa kwa ajili ya shaba, kutoka pwani hadi mpaka wa Zambia.