Wifi ya biro na ya nyumba: namna ya kuifunga vizuri

Katika miji kama Bukavu, Goma, Uvira, Butembo na Bunia, biro ndogo nyingi zinafanya kazi na wifi moja tu. Kuko kisanduku kimoja chenye karte ya SIM ao kinacholetewa intaneti na waya, ordinatere mbili ao tatu, mashini ya kuchapa, na simu za kila mtu anayepita pale. Nyumba nyingi pia ziko sawa vile, juu ya kazi na familia vinatumia rezo moja.

Ndani ya ordinatere hizo kuko vitu vizito: daftari ya akiba ya wamama wa chama, orodha ya wagonjwa wa kituo cha afya, majina ya watu waliokimbia vita, ao ushuhuda wa wale waliotendewa mabaya. Huku mashariki ya Kongo, orodha ya majina ikianguka katika mikono isiyofaa, hasara yake haihesabiwi kwa franka tu.

Kufunga rezo ndogo hakuombi mtu awe injinia. Sehemu kubwa ya kazi inaweza kuisha kwa saa moja ao mbili, bila kununua kitu, kama kisanduku si cha zamani sana.

Kisanduku kiko na funguo mbili

Watu wengi wanajua neno la siri moja tu, lile la kuingia katika wifi. Lakini kila ruta iko na la pili, lile la kuingia katika ruta yenyewe na kubadilisha mipango yake. Mwenye kupata hilo la pili anaweza kusoma la kwanza, kufukuza wengine, hata kupeleka watu kwenye kurasa za uongo bila wao kujua.

Ili kuingia, unganisha simu ao ordinatere na wifi, fungua Chrome ao Firefox, kisha andika namba iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 ao 192.168.8.1. Kazi hiyo haili mega. Kisanduku kitaomba jina na neno la siri la kiwandani, na kwa ruta nyingi za zamani yote mawili ni "admin".

Maneno hayo ya kiwandani yanajulikana dunia nzima. Mwaka 2016, programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yasiyozidi sabini. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kushambulia kampuni moja ya Marekani, na kurasa kubwa kama Twitter na Netflix zikakosa kufunguka kwa watu wengi. Kwa hiyo neno la siri la ruta njo la kwanza kubadilishwa. Ukiwa bado ndani, zima ile njia inayoruhusu mtu kusimamia ruta akiwa mbali kupitia intaneti.

Neno la siri refu, na aina nzuri ya kufuli

Katika menyu ya usalama, ruta inaomba kuchagua aina ya kufuli. WEP ni ya zamani, na udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Usiitumie hata kidogo. WPA2, iliyotoka mwaka 2004, bado inafaa kama imewekwa pamoja na AES. WPA3, ya mwaka 2018, inapita zote. Kama ruta inajua WEP tu, heri kuibadilisha.

Hata WPA2 inashindwa neno la siri likiwa dogo. Mtu aliye nje ya lupango anaweza kurekodi wakati simu inaunganika na wifi, kisha aende kwake kujaribu maneno mamilioni bila mtu kumuona. Wengi wanaweka namba ya simu. Nyuma ya sifuri na tarakimu mbili za kampuni, zinabaki tarakimu saba, ni kusema namba milioni 10. Kwa mtu ni nyingi, lakini ordinatere yenye nguvu inazimaliza upesi. Jina la shirika pamoja na mwaka ni rahisi zaidi.

WPA2 inakubali herufi 8 mpaka 63. Njia rahisi ni kuunganisha maneno matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa bila mpango, kama vile "daraja muhogo kinanda tisa mwavuli". Mfano huo umekwisha kuandikwa hapa, basi kila mtu atafute maneno yake. Refu lenye kukumbukika linapita fupi lenye alama za ajabu, kwani lile fupi mwishowe linaandikwa ukutani.

Kuko pia kifungo cha WPS, kinachounganisha simu bila kuandika neno la siri. Mwaka 2011 ilionekana kwamba namba yake ya tarakimu 8 inaangaliwa kwa vipande viwili, na hivyo inatosha kujaribu mara 11 000 hivi kuipata. Izime katika menyu.

Wageni wapite mlango wao

Katika desturi yetu, mgeni akiomba wifi ni vigumu kumkatalia. Ruta nyingi ziko na jibu: rezo ya wageni, ile menyu ya Kifaransa inaita "réseau invité". Inatoa intaneti tu, bila kuonyesha ordinatere za biro wala mashini ya kuchapa.

Faida yake haiko tu katika kuchunga mega. Kwa WPA2, mtu mwenye neno la siri la rezo, akiwa na ujuzi, anaweza kufuata sehemu ya yale wengine wanatuma katika rezo ile ile. Kurasa zenye "https" zinafunika mengi, lakini si yote. Tena, simu ya mgeni yenye virusi inaweza kutafuta njia ya kuingia katika ordinatere zilizo karibu. Kamera za ukutani na televisheni nazo ziwekwe kwa wageni, juu ya ni mara chache zinapata matengenezo.

Neno la siri la wageni libadilishwe nyuma ya kila mkutano mkubwa. Lile la biro libadilishwe siku ile ile mfanyakazi anapoacha kazi, hata akiondoka kwa amani. Likiwa ni sheria ya wote, hakuna atakayeona kwamba anashukiwa.

Kuficha jina la wifi hakusaidii sana, kwa sababu simu zenyewe zinaliita hewani zikilitafuta.

Mapya ya programu

Mega ni bei, na wengi wanakataa "mise à jour". Mwezi wa Mei 2017, programu mbaya ya WannaCry ilitembea toka ordinatere moja mpaka nyingine kupitia ufa wa Windows katika njia ya kugawana mafaili, ikafunga kazi za watu na kuomba malipo. Hospitali za Uingereza ziliumia sana. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa ule tangu mwezi wa Machi. Walioumia wengi hawakuwa wameiweka.

Biro inaweza kuchagua siku moja kwa mwezi ya kuweka mapya katika ordinatere zote na katika ruta. Wenye ordinatere za okazio waangalie pia kama bado ziko na Windows 10, kwani msaada wake wa kawaida wa bure uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mafaili yanayogawanywa yapewe tu wale wanaoyahitaji, kila mmoja na jina na neno lake la siri.

Umeme, wizi na kukimbia

Nyuma ya ruta nyingi kuko kifungo kidogo cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Mtu akikibonyeza dakika moja tu hapo kwenye meza ya mapokezi, kazi yote inafutika na maneno ya siri ya zamani yanarudi. Ruta ikae ndani ya chumba kinachofungwa, juu, mbali na dirisha la barabara. Fundi akiitengeneza, angalia tena mipango yote.

Tena, hatari iliyo karibu zaidi mara nyingi si mtu wa wifi, bali ni anayebeba ordinatere nzima usiku ao wakati wa uporaji. Wifi iliyofungwa haisaidii kitu hapo. Disiki yenye majina ya watu ifungwe kwa neno la siri. BitLocker iko ndani ya Windows Pro, na VeraCrypt ni ya bure. Nakala moja ya kazi ikae mahali pengine, nayo ikiwa imefungwa. Wakaaji wa Goma waliohama wakati Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 wanajua kwamba siku ya kukimbia haitoi nafasi ya kuchagua vya kubeba.

Sheria nayo iko. Kode ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inawapa wajibu wale wanaokusanya na kuweka habari za watu.

Kwa siku ya kwanza

Mtu asiye na nafasi ya kufanya yote afuate mpango huu:

1. Kubadilisha neno la siri la ruta.
2. Kuweka WPA2 ao WPA3 na neno refu la wifi.
3. Kuzima WPS na kusimamia ruta kwa mbali.
4. Kufungua rezo ya wageni.
5. Kufunga disiki yenye majina, na kuweka nakala mahali pengine.

Maneno hayo ya siri yaandikwe kwa karatasi moja, ndani ya bahasha iliyofungwa, mikononi mwa mkubwa wa biro. Yasitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp, kwani walioacha kazi zamani mara nyingi bado wamo ndani.