Mtoto yupi aonwe kwanza? Historia fupi kutoka Kilifi

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Kuna swali la kiprogramu lililoanza kufanyiwa kazi Kilifi kabla wengi wetu hatujagusa kompyuta: kati ya watoto wote waliolazwa wodini, yupi yuko karibu kuzidiwa?

Fikiria mzazi wa Kuruwitu, kile kijiji cha wavuvi kilichopata sifa kwa kufunga sehemu ya bahari mwaka 2005 ili samaki wazaliane. Akitaka kumfikisha mtoto hospitali ya Kilifi lazima avuke mkono wa bahari pale Mnarani. Kabla ya daraja la 1991 ilikuwa kusubiri feri. Mtoto anafika saa nyingi zimeshapotea, kisha wodini anaongeza foleni.

Kupima fahamu tu kulikuwa shida. Kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974 kinamtaka mgonjwa ajibu maswali. Sasa mtoto wa miezi kumi utamuuliza nini? Mwaka 1989 Molyneux na wenzake, waliokuwa Blantyre nchini Malawi, walitoa kipimo kingine: je, macho yanafuata uso wa mama (alama 0 au 1), analia vipi (0 hadi 2), na ukimfinya anafanya nini (0 hadi 2). Jumla 5. Hakihitaji umeme wala betri. Napenda sana "programu" za namna hii!

Mwaka huohuo 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza kazi Kilifi. Kevin Marsh na wenzake waliwafuatilia watoto 1844 waliolazwa kwa malaria, na mwaka 1995 wakachapisha jambo linaloshangaza kwa urahisi wake. Dalili mbili, fahamu kupungua na kupumua kwa shida, zilionekana kwa watoto waliobeba asilimia 84 ya vifo vyote. Dalili zote mbili muuguzi anaziona akisimama kando ya kitanda.

Lakini si kila homa ni malaria. Mwaka 2003 James Berkley na wenzake walitoa hesabu ya watoto 8091 waliolazwa hospitali hiyohiyo kwa magonjwa mbalimbali. Walifariki 436: 60 ndani ya saa 4 za kwanza, 193 kati ya saa 4 na 48, na 183 baada ya hapo. Hapa mwandishi wa programu asimame kidogo. Ukiandika programu ya mstari mmoja inayosema "kila mtoto atapona", itakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 94, na haitamsaidia mtoto hata mmoja. Ndiyo maana usidanganyike na mtu anayekuuzia chombo kwa kutaja usahihi wa jumla. Muulize kilinasa wangapi kati ya wale 436, na kilipiga kengele za bure mara ngapi.

Kikundi cha Berkley kilitengeneza alama tofauti kwa kila kipindi, maana dalili za anayefariki usiku uleule si za anayefariki baada ya siku tatu. Utapiamlo, kwa mfano, una uzito wake. Kisha wakazijaribu kwa watoto wengine, si walewale waliozitengenezea. Zilifanya vizuri zaidi kwa vifo vya saa za mwanzo.

Na kengele ikilia, unafanya nini? Utafiti wa FEAST wa Kathryn Maitland na wenzake, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwachukua watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya haraka kwa mshipa walifariki takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Wagonjwa walitambuliwa sawasawa. Tiba iliyofuata, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipendekezwa, ndiyo iliyoongeza vifo.

Nchi tajiri nazo hazikupata mteremko. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la EPOCH katika hospitali 21 za nchi 7, zikiwemo Canada na Uholanzi. Penye chombo cha alama vifo vilikuwa 1.93 kwa kila watoto 1000 walioruhusiwa kutoka, na penye utaratibu wa kawaida 1.56. Kitakwimu hapakuwa na tofauti. Matukio ya kuchelewa kumpeleka mtoto kwenye uangalizi mahututi yalipungua, lakini hizo ni hospitali ambazo chumba cha mahututi kipo.