Vitabu vya Mama na Swali la Lugha

Mwaka jana tulikaa mezani watu watano kubishania jengo. Ni ghorofa moja la Dar es Salaam: viyoyozi vya kampuni moja, jenereta ya kampuni nyingine, pampu za maji za kampuni ya tatu, na lifti ambazo hazizungumzi na yeyote. Mwenye jengo alitaka avione vyote kwenye skrini moja. Sisi tulipaswa kuandika programu ya kuvifanya visomane, na kabla ya kuandika hata mstari mmoja ilibidi tuchague. Lugha gani? Na programu ikae wapi, kwenye kompyuta ya chumba cha umeme au kwenye seva ya mbali? Mmoja alitaka C# kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Mwingine alitaka Python. Mimi nilisema Java, na nilipoulizwa kwa nini, nikajikuta nazungumzia zahanati.

Nimekulia Magoma, Korogwe, kwenye bonde la Lwengera, kati ya Usambara mbili na mashamba ya mkonge. Mama alikuwa muuguzi. Kila mwisho wa mwezi meza yetu ya chakula ilikuwa yake, sisi tukala mkekani. Alikuwa anajumlisha vitabu vya MTUHA: cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto. Vijiti vinne, cha tano kinalala juu yake. Akimaliza anahesabu upya, maana mtoto mmoja aliyesahaulika leo ni chanjo moja itakayopungua kesho. Kisha fomu zinapanda gari kwenda wilayani, na barabara ya Kwashemshi wakati wa masika wenyeji mnaijua.

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza kusambazwa nchini mwaka 1993. Kabla ya hapo kila mradi wa afya ulikuwa na fomu zake, na hata baadaye miradi mikubwa iliendelea kubeba daftari la pembeni. Ni lile lile jengo letu: kila kifaa na lugha yake, na mtu mmoja katikati anayetafsiri kwa kalamu.

Programu iliyokuja kubeba namba za vitabu hivyo haikuzaliwa kwetu. Ilianzia Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, pale serikali mpya ilipotaka kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, wakatengeneza DHIS, na wakaichagulia Microsoft Access. Wajuzi wa leo wanaweza kucheka, lakini mimi siwacheki. Kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa tayari na Windows na Office. Mtunza taarifa wa wilaya aliyejua Excel kidogo aliweza kuzikata namba zake apendavyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ubaya wake ulikuwa upande wa pili wa uzuri huo huo. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake, na taarifa zilipanda ngazi kama mafaili, moja baada ya jingine. Tena usingeweza kuondoka kwenye Windows.

Kuanzia 2004 hivi, Oslo wakaanza kuiandika upya kwa Java. Java ilitoka mwaka 1995 na ahadi ya kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote, na jimbo la Kerala nchini India, ambako DHIS2 ilianza kutumika mwaka 2006, lilikuwa limeegemea programu huria. Kwa hiyo sababu ilikuwepo. Ila gharama yake haisemwi vya kutosha. Access mtu aliweza kuijifunza jioni baada ya kazi. Java, pamoja na Spring na Hibernate juu yake, ilitaka mhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa ndani ya ushirikiano huo, lakini fundi wa wilaya aliyekuwa anajiongezea safu kwenye jedwali lake alifungiwa nje ya mlango.

Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikafika pwani yetu. (Korogwe tulikuwa tunaujua mkonge, sasa tukaanza kusikia mkongo.) Kenya ikathubutu kwanza: mwaka 2011 nchi nzima ikaanza kuingiza taarifa kwenye seva moja, maofisa wakitumia modemu za simu. Tanzania ikafuata, na kufikia 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea kitaifa. Kwa Access hilo lisingewezekana. Hapo ndipo Java ilipolipa deni lake.

Mama alilieleza vingine. Vitabu vilibaki vile vile, vijiti vile vile. Namba ziliingizwa wilayani. “Sasa wakubwa wa Dar wanaiona Magoma kabla sijaosha vyombo,” aliniambia. “Mimi nikitaka kuiona Magoma, nafungua daftari.”

Mlango ulikuja kufunguliwa baadaye, na si kwa Java. Waundaji waliruhusu programu ndogo zilizoandikwa kwa JavaScript zikae juu ya mfumo na kuchota namba zake. Hiyo vijana wetu waliiweza. Kadi ya alama ya DHIS2, inayopaka viashiria rangi nyekundu, njano na kijani, ilitengenezwa na timu ya Tanzania.

Wenzangu walisikiliza, kisha yule wa C# akauliza hayo yanahusu nini viyoyozi. Yanahusu. Kampuni ya Tridium ya Virginia, Marekani, iliijenga Niagara, programu ya kuunganisha vifaa vya majengo, kwa Java pia, kwa kuwa nayo ilitaka kuendeshwa kwenye mashine za kila aina. Na BACnet, lugha ya pamoja ya vifaa hivyo, imekuwa kiwango tangu 1995. Njia ilishapitwa. Kilichobaki kilikuwa kumpata yule fundi wa wilaya katika jengo letu, na tulikuwa naye: mzee wa zamu ya usiku anayezijua pampu kwa mlio.

Tulichagua Java kwa kiini, BACnet kwa vifaa vinavyoielewa, na kurasa za JavaScript ambazo fundi anaweza kubadilisha viwango vyake mwenyewe. Programu inakaa chumba cha umeme. Seva ya mbali inapewa nakala. Yule wa Python bado amenuna.

Nilipompigia Mama kumweleza, hakuuliza kuhusu lugha.

“Huyo mzee wa zamu, mmempa neno la siri?”

“Tumempa, Mama.”

“La kuangalia tu, au na la kusahihisha?”

Nikamwambia nitahakikisha.