Ufungaji wa kiyoyozi cha vipande viwili nyumbani

Ufungaji wa kiyoyozi cha vipande viwili ni kazi ya kuweka nyumbani mtambo wa kupoza hewa ambao kipande chake kimoja hukaa chumbani na kingine nje, vikiunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba, waya za umeme na mpira wa kutoa maji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa mwenye nyumba. Gesi na umeme humhitaji fundi. Makala haya yanaieleza kwa kuzingatia Musanda, wadi ya eneo bunge la Mumias Magharibi, Kaunti ya Kakamega, Kenya.

Utendaji

Gesi ya kupoza hugeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke katika kipande cha ndani, na kwa kufanya hivyo hunyonya joto la chumba. Kompresa iliyo nje huishindilia, nayo hutoa joto hilo kwa hewa ya nje na kurudi kuwa kimiminika. Unyevu wa hewa ya chumbani hugeuka maji na kutiririka kupitia mpira.

Uhitaji na ukubwa

Eneo la Mumias lipo takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi kuliko wa Mombasa. Joto la mchana huzidi hasa katika nyumba za mabati zisizo na dari. Kuweka dari na matundu ya hewa hugharimu kidogo kuliko umeme wa kiyoyozi, na mara nyingi huondoa haja ya kukinunua. Kwa chumba cha mita za mraba 15 hivi chenye dari, kiyoyozi cha BTU 9,000 kwa saa, yaani kilowati 2.6 za kupoza, kwa kawaida hutosha. Bila dari, hata kikubwa zaidi hufanya kazi mfululizo pasipo nafuu.

Hatua za ufungaji

1. *Mahali.* Kipande cha ndani hufungwa kwenye ukuta imara, juu ya mita 2 kutoka sakafuni, na nafasi ya takriban sentimita 15 chini ya dari. Kipande cha nje huwekwa juu ya zege au mabano ya chuma, penye hewa ya kutosha. Wengi hukizungushia kizimba cha vyuma kuzuia wezi. Kizimba kisizibe feni.
2. *Bamba na tundu.* Bamba la kuning'iniza husawazishwa kwa pimamaji. Tundu la milimita 65 hivi hutobolewa likiinamia nje, ili maji yasirudi chumbani.
3. *Mabomba.* Hukunjwa polepole yasibonyee, huvikwa sponji ya kuzuia joto, kisha ncha zake hutanuliwa na kukazwa kwa spana ya kupimia nguvu.
4. *Kupima uvujaji.* Fundi hujaza nitrojeni. Oksijeni haitumiwi kamwe, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo huweza kulipuka.
5. *Kutoa hewa.* Pampu ya vakyumu huondoa hewa na unyevu kabla ya vali za gesi kufunguliwa. Hatua hii ikirukwa, unyevu huharibu kompresa.
6. *Maji.* Maji humwagwa katika trei ya ndani kuhakikisha yanatoka nje.

Seti za kujifungia

Baadhi ya kampuni, kama MrCool ya Marekani, huuza seti ambazo mabomba yake yamejazwa gesi kiwandani, hivyo hazihitaji pampu ya vakyumu. Mabomba hayo hayakatwi. Urefu unaozidi huviringwa nyuma ya kipande cha nje. Seti za soko la Marekani hutengenezwa kwa umeme wa hezi 60, ilhali wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Anayetumiwa moja na jamaa wa ughaibuni asome kwanza kibandiko cha mtambo.

Umeme na radi

Kiyoyozi hupewa laini yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi, pamoja na breka na waya wa ardhi. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EPRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kakamega hupigwa na radi mara nyingi, kwa hiyo kinga ya msukumo wa ghafla wa umeme ni ya lazima, na mtambo huzimwa kwenye swichi kuu dhoruba inapokaribia.

Gesi

R-22 ya zamani huharibu tabaka la ozoni. R-410A haiidhuru ozoni, lakini uwezo wake wa kupasha dunia joto ni takriban mara 2,088 ya kaboni dioksidi. Wa R-32 ni 675. R-32 huweza kushika moto, hivyo haifunguliwi karibu na jiko. Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa nchini Rwanda Oktoba 2016, yanazitaka nchi zipunguze gesi za aina ya R-410A na R-32. Kuiachia gesi hewani wakati wa kuhamisha mtambo ni kosa la kiufundi na la kimazingira.

Matunzo

Vumbi la barabara za murramu na majivu ya miwa inapochomwa kabla ya kuvunwa huziba vichujio haraka. Huoshwa kwa maji kila wiki mbili wakati wa kiangazi na kukaushwa kivulini. Kichujio kilichoziba hupunguza ubaridi na kuongeza bili ya umeme. Barafu kwenye mabomba huashiria kuziba huko au upungufu wa gesi.