Nkambo aliyekwenda vita ya Tabora

Wakristu wanatuuliza mara nyingi habari za nkambo wao aliyekwenda vita ile ya 1914-1918. Tuwaulize kwanza: alishika bunduki ao alibeba mzigo? Askari wa Force Publique, walioingia Tabora tarehe 19 septemba 1916 chini ya jenerali Tombeur, waliandikwa kila mtu na namba yake. Namba ile yafaa kuliko jina, maana mwandishi mzungu aliandika jina jinsi alivyolisikia. Karatasi nyingi za Bulamatari zilipelekwa Ubelgiji wakati wa uhuru, mwaka 1960, waulize kule.

Lakini wapagazi! Wanahesabiwa kupita 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, kwa kuhara damu, kwa uchovu tu, na majina yao hayakushikwa na karatasi yo yote. Kwa aliyerudi akabatizwa, kitabu cha ubatizo cha misioni chaweza kuwa andiko lake la pekee: jina lake, la wazazi, la msimamizi, na tarehe. Nacho katika parokia nyingine kinalala chini, chakula cha mchwa. Kwa aliyebaki njiani, mwalimu wa dini awaulize wazee waliosikia habari kwa baba zao: kijiji gani, sultani nani, alikwenda na nani, aandike siku ile ile.