Kelele Isiyofutika

Nilipoanza kazi redioni, fundi wa studio alinifundisha kwamba kelele ni uchafu. Feni, jenereta, bodaboda inayopita nje: unafunga dirisha, unasogeza maiki, unafuta. Niliubeba mtazamo huo miaka mingi, hadi nilipoanza kusoma historia ya leza nikakutana na mtu aliyetumia karibu nusu karne akiichunguza kelele isiyofutika.

Hermann Haus alizaliwa Ljubljana mwaka 1925. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alihamia Marekani, na kuanzia 1954 alikuwa mwalimu MIT mpaka alipofariki mwaka 2003. Kelele zake za mwanzo zilikuwa za mirija ya elektroni na saketi za maikrowevu. Leza ilimkuta yuko kazini tayari.

Simulizi nyingi za leza zinamruka, kwa sababu zinasimuliwa kama mbio. Theodore Maiman anawasha ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 1964 Hargrove, Fork na Pollack wa Bell Labs wanazifunga modi. Mwaka 1991, kule St Andrews, leza ya yakuti iliyotiwa titani inatoa mapigo ya femtosekunde 60. (Gawa sekunde vipande bilioni, kisha kila kipande kigawe tena mara milioni: hiyo ndiyo femtosekunde.) Nani kafupisha zaidi? Sisi waandishi wa habari tunapenda hivyo. Namba ikivunja rekodi, kichwa cha habari kimepatikana. Haus aliuliza swali jingine: pigo linalofuata litafika lini hasa?

Kufunga modi maana yake ni hii. Ndani ya leza mwanga unakwenda na kurudi kati ya vioo, ukiwa na rangi nyingi zinazokaribiana sana, kila moja ikitetemeka kivyake, kama kwaya ambayo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Zikilazimishwa kwenda pamoja, zinajumlishana mahali pamoja tu na kwingine kote zinauana. Mwanga unajikusanya kwenye pigo moja fupi linalozunguka humo ndani, na kila likigonga kioo cha kutokea, sehemu yake ndogo inachomoza nje. Tik, tik, tik, mamilioni kwa sekunde. Kwa hiyo una saa mkononi.

Tatizo ni atomu zinazoipa leza nguvu. Kwa kawaida zinatoa mwanga zinapochokozwa na mwanga uliopo, na mwanga mpya unafuata mwendo wa ule uliouchokoza. Lakini mara nyingine atomu inatoa fotoni bila kuchokozwa na yeyote, kwa wakati wake yenyewe. Kila fotoni ya namna hiyo ni msukumo mdogo kwa pigo. Meza unaweza kuituliza, upepo ukauziba, umeme ukausafisha, na kusema kweli kelele nyingi zinatoka huko. Ukishamaliza yote hayo, fotoni hizi zipo palepale.

Mwaka 1993 Haus na Antonio Mecozzi walichapisha makala ambayo kwangu ndiyo kiini cha hadithi. Waliuliza misukumo hiyo inagusa nini kwenye pigo, wakahesabu vitu vinne: nishati, masafa, fezi na wakati. Nishati ikizidi, atomu zinachoka mapema, nguvu inapungua, pigo linarudi kwenye kiasi chake. Masafa yakikengeuka, yanaingia pembeni ambako leza haiyakuzi vizuri, nayo yanavutwa kurudi katikati. Fezi na wakati havina wa kuvivuta. Katika leza inayojifunga yenyewe, pigo likichelewa hata kidogo, humo ndani hakuna chochote kinachojua kwamba limechelewa. Msukumo unaofuata unaanzia hapo lilipofikia. Ni mlevi anayetoka kilabuni: hatua moja huku, moja kule, hana nia ya kwenda mbali, na bado kadiri usiku unavyosonga ndivyo unavyozidi kushindwa kubashiri utamkuta wapi.

Sehemu hiyo niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimedhani usahihi ni ukimya.

Masafa nayo yana hila yake. Yanaporudishwa katikati, pigo limeshasafiri kitambo kwa kasi tofauti kidogo, na ucheleweshaji huo haurudishwi. James Gordon na Haus walikuwa wameshaonyesha jambo la aina hiyo mwaka 1986, kwa mapigo yanayopita kwenye nyuzi ndefu za kioo. Mwaka huohuo Dietrich von der Linde alieleza jinsi ya kutenganisha, kwa vipimo, kelele ya ukubwa wa mapigo na kelele ya wakati wake.

Dawa basi inatoka nje: leza inafungwa kwenye kitu kingine kinachojua saa. John Hall na Theodor Hänsch, waliopata Nobel mwaka 2005, waliifanya leza ya namna hii kuwa rula ya kupimia masafa ya mwanga. Karibu na Hamburg kuna European XFEL, mtambo wenye urefu wa kilomita 3.4 uliofunguliwa mwaka 2017, ambamo leza iliyofungwa modi ndiyo inayovigawia vifaa wakati kupitia nyuzi za kioo. Lakini uzi nao unarefuka joto likipanda. Kwa hiyo sehemu ya mwanga inarudishwa ilikotoka, inalinganishwa na pigo jipya, na urefu wa uzi unasahihishwa, muda wote mtambo ukiwa kazini.