Kimbunga Kikitajwa Mtwara, Watu wa Liuli Wajiandae na Nini?

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Tanzania. Weka kidole Mtwara, kisogeze taratibu kuelekea magharibi, pita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, mpaka uguse maji ya Ziwa Nyasa. Hapo ndipo Liuli, ambayo leo iko Wilaya ya Nyasa na zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga. Kwa mstari ulionyooka, kidole chako kimetembea kilomita 600 hivi.

Sasa, Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa njiani, TMA ilitoa tahadhari ikitaja mikoa mitatu: Mtwara, Lindi na Ruvuma. Ndiyo, Ruvuma, mkoa usiogusa bahari hata kidogo. Mtu wa Liuli akisikia taarifa ya namna hiyo redioni afanye nini? Afunge mitumbwi? Ahamishe familia? Au azime redio aendelee na shughuli zake?

Swali hili lina jibu, ila ili tulipate inabidi turudi nyuma kidogo.

Kimbunga kinaishi kwa maji ya moto

Tuanze na sayansi, kwa ufupi. Kimbunga cha kitropiki kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi kwenda juu. Maji hayo yanavukizwa, mvuke unapanda, unageuka mawingu na kuachia joto lake huko juu. Joto hilo ndilo mafuta ya injini. Mzunguko wa dunia nao unaupinda upepo unaokimbilia katikati, na mfumo mzima unaanza kuzunguka. Huku kwetu kusini mwa ikweta unazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi, dhoruba inapewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Ikifika kilomita 118 kwa saa ndipo inaitwa kimbunga kamili. Karibu kabisa na ikweta ule mpindo wa upepo ni dhaifu mno, na ndiyo sababu vimbunga vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Tanzania tunapata vichache. Lakini vichache si sawa na hakuna.

1872: hakuna aliyeambiwa

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, enzi za Sultani Barghash. Hapakuwa na onyo lolote. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, yaani miaka saba baadaye. Nahodha mzoefu angeweza kusoma mawingu na mawimbi, basi. Majahazi na meli zilitupwa ufukweni, nyumba zikaanguka, na inakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi za mikarafuu ya Unguja iling'olewa au kuvunjika. Pemba iliponea chupuchupu, na baada ya hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu.

Unaweza kusema: hayo ni ya Unguja, Liuli inahusikaje? Inahusika sana. Miaka ile watumwa wengi waliopitia Kilwa kwenda Zanzibar walitoka maeneo ya Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa 1873 Sir Bartle Frere alikuja na ujumbe wa Uingereza kumtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Moja ya hoja za Sultani ilikuwa hiki kimbunga: mashamba yameharibika, watu wamefilisika, na leo mnataka kuwanyang'anya na biashara hii? Mwishowe alitia saini mwezi Juni 1873. Lakini ona jinsi upepo uliong'oa mikarafuu Unguja ulivyowekwa mezani siku hatima ya watu wa ziwani ilipokuwa inajadiliwa. Upepo wenyewe haukufika Nyasa. Athari zake zilifika.

1952: Lindi

Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya 15 Aprili, kimbunga kingine kikatua, safari hii Lindi. Watu 34 walikufa na mji ukaharibiwa vibaya. Wakati huo Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilikuwapo tangu 1929, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Vipimo vilikuwapo, redio ilikuwapo. Kilichokosekana ni jicho la kutazama bahari kutoka juu. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Kabla ya hapo, dhoruba iliyokuwa katikati ya bahari ilijulikana tu kama meli imepita karibu nayo na ikabaki salama kusimulia.

2019 na 2024: siku kadhaa mkononi

Linganisha sasa na Kenneth. Kilipewa jina Aprili 23, 2019. Usiku wa kuamkia tarehe 25 kikapita jirani na Ngazija, na jioni yake kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kikiua watu zaidi ya 40. Mtwara walikuwa wamekwisha kuambiwa. Shule zilifungwa na watu wa mabondeni wakaelekezwa sehemu salama.

Kimbunga hakikutua Mtwara, na mtaani ukaanza mzaha: "walitutisha bure." Hapana, hawakututisha bure. Kumbuka ule mzunguko wa mshale wa saa. Kimbunga kikienda magharibi, upande wake wa kusini upepo unavuma kuelekea hukohuko kinakokwenda, kwa hiyo kasi mbili zinajumlishwa na bahari inasukumwa nchi kavu. Upande wa kaskazini, yaani upande wa Mtwara, upepo unarudi nyuma, unatoka bara kwenda baharini. Njia ya kimbunga ingesogea kaskazini kidogo tu, Mtwara ingejikuta upande ule mbaya. Huwezi kusubiri uhakika wa asilimia mia ndipo uhamishe watoto.

Mei 2024 tukamwona Hidaya. TMA ilianza kutoa taarifa mapema, ikafuatilia hatua kwa hatua, na tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia. Safari za boti kwenda Zanzibar zilisitishwa. Upepo ulipungua haraka kilipogusa nchi kavu, lakini mvua ilikata barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara eneo la Kilwa. Kumbuka hilo: upepo uliisha, maji yakabaki.

Je, kimbunga kinaweza kufika Liuli?

Kama upepo wa kung'oa mapaa kutoka baharini, ni vigumu sana. Kimbunga kikipanda nchi kavu kinakatiwa mafuta, na kati ya Mtwara na Liuli kuna kilomita 600 za ardhi na milima ya Umatengo. Kitakuwa kimechoka.

Ila kuchoka si kuisha. Machi 2023 Kimbunga Freddy kilitua Quelimane, Msumbiji, kwa mara ya pili baada ya kuzunguka baharini kwa wiki kadhaa. Kilipofika Blantyre, Malawi, kilomita 300 hivi kutoka pwani, kilikuwa kimekwisha kupoteza nguvu za upepo. Lakini mvua yake ilisimama palepale. Kusini mwa Malawi ilishuka mvua ya miezi sita ndani ya siku sita, milima ikaporomoka usiku, na watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Wengi wao hawakuuawa na upepo wala bahari. Waliuawa na tope.

Hilo ndilo la kuliangalia Nyasa. Mwambao wetu ni ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima. Mvua ikimwagika juu Mbinga, maji yote yanatafuta njia ya kushuka.

Na hapa wazee wa Umatengo walitutangulia. Kilimo chao cha ngoro ni cha tangu kabla ya ukoloni. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatizana kama vyumba vya daftari la hesabu, kisha unachimba udongo katikati na kuyafunika. Mteremko mzima unajaa mashimo yaliyopangwa. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake, udongo haukimbii, na yale majani yanaoza kuwa mbolea. Hakuna aliyewaletea hayo kwenye semina. Ni maandalizi ya mvua kubwa yaliyofanywa kwa jembe. Shamba la mteremko likilimwa bila ngoro wala matuta, anayelipa ni aliyejenga chini.

Upepo usio na jina

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Tukihesabu waliokufa majini Ziwa Nyasa, mhusika mkuu hana jina la Kenneth wala Freddy. Ni kusi la ziwani, ambalo upande wa Malawi wanaliita mwera.

Linavuma hasa kati ya Mei na Agosti. Hewa nzito ya baridi inasukumwa kutoka kusini, inaingia kwenye bonde la ziwa, na milima ya pande zote mbili inaibana kama maji ndani ya mfereji. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Wimbi linakua kadiri upepo unavyopata nafasi ya kulisukuma, na wimbi linalofika Liuli kutoka ncha ya kusini limekimbia zaidi ya kilomita 300 bila kizuizi. Hiyo si ziwa tena, mwenzangu, hiyo ni bahari.

Tarehe 2 Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples wa misheni ya UMCA, miezi michache tu tangu awekwe wakfu, alikuwa anarudi Likoma kwa mashua. Dhoruba ikawakuta, mashua ikazama, naye akafa maji. Meli ya misheni iliyoshushwa ziwani mwaka 1901 ikapewa jina lake. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya, ambayo ilikuwa mpya kabisa, ilipinduka katika dhoruba upande wa kaskazini wa ziwa. Watu 145 walikufa. Tazama miezi: Septemba na Julai. Msimu wa vimbunga vya baharini ulikuwa umekwisha kabisa.

Hata historia ya Liuli yenyewe ni historia ya kujikinga na upepo huu. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, bandari ya Sfinksi, kwa ajili ya lile jiwe kubwa linaloitwa Pomonda. Waliichagua kwa sababu ghuba yake inahifadhi vyombo. Meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo tarehe 13 Agosti 1914, Waingereza walipokuja na Gwendolen kuishambulia. Bandari iliizuia dhoruba. Mizinga haikuizuia.

Basi tujiandae vipi?

Kimbunga cha baharini kinakupa siku tatu au nne. Ukikisikia kinaelekea kusini mwa nchi, Liuli kazi yako kubwa ni mvua: safisha mifereji, usilale kwenye njia ya maji wala chini ya mteremko uliolegea, weka vyakula na nyaraka juu. Sikiliza rangi za TMA: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Kusi halikupi siku tatu. Mvuvi wa dagaa anatoka usiku na karabai zake, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani, na kabla ya alfajiri mambo yamebadilika. Huyo anahitaji taarifa ya ziwa lake, ya usiku huohuo, imfikie kabla hajasukuma mtumbwi. Anahitaji jaketi okozi alivae mwilini, sio alikalie kama mto. Na anahitaji wenzake ufukweni wanaojua nani katoka na nani hajarudi.

Tumechukua miaka 150 kutoka kwenye giza la 1872 mpaka kukiona kimbunga kikiwa bado mbali baharini. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini taifa zima linapokesha likimfuatilia Hidaya, kumbuka kwamba wiki chache baadaye, bila jina na bila taarifa ya habari saa mbili usiku, kusi litaanza kuvuma Nyasa. Kama una ndugu anayevua Liuli, Lundu au Mbamba Bay, msalimie kwa simu Juni hii, na umuulize kama jaketi analo.